Krismasi ya Kuazima

Msiniletee kiti. Haya ninayaandika nikiwa nimesimama jikoni kwangu hapa mjini Kabati, karatasi iko juu ya meza ya kukatia sukuma wiki, kwa sababu nikikaa nakumbuka kazi tatu ambazo sijafanya. Huu ni mwaka wangu wa tatu tangu nistaafu, na bado saa kumi na moja alfajiri miguu iko chini. Mzee wangu, Muli, husema barua ya kustaafu ilinifikia mimi lakini nakala ya miguu ilipotelea njiani.

Nyinyi walimu vijana mmeniomba niwaandikie juu ya kazi. Najua mnachotaka: namna ya kutuliza darasa la watoto themanini, namna ya kuishi na mwalimu mkuu mkali. Hayo mtajifunza, yanafunza yenyewe. Andika ripoti za watoto mapema, usingoje siku ya kufunga, utaandika "amejitahidi" kwa mtoto ambaye hakuja shule muhula mzima. Mimi nimewahi kuandika hivyo, na babake akaja kunishukuru. Weka chaki mbali na dirisha wakati wa mvua. Na usimpigie mtu simu kwao bila yeye kujua. Hilo la mwisho ndilo lililonisimamisha hapa leo.

Shule ninayosema ilikuwa upande wa Tseikuru, mahali ambapo ukisikia gari unatoka nje kuangalia ni la nani. Walimu tulikuwa kumi na mmoja. Mimi nilikuwa naibu, na karibu sote tuliishi katika nyumba za shule, familia zikiwa mbali. Muhula wa tatu ukikaribia kwisha, hapakuwa na mtu anayetulia. Huyu anahesabu siku, yule anauliza kama mvua imeharibu barabara, mwingine amekwisha kufunga sanduku wiki mbili kabla na kila asubuhi analifungua kutafuta soksi.

Mwaka mmoja tukagombana juu ya chapati. Nasema kugombana, si kuchezeana. Madam Mueni, aliyetoka Mutomo, alisema Krismasi bila mbuzi si Krismasi, chapati ni mapambo tu. Mwalimu mkuu, Bwana Kariuki, mtu wa kule Mlima Kenya, akasema kwao mtu asipokula mukimo, vile viazi vya kupondwa na mahindi, siku hiyo mama yake anampeleka hospitali. Kelele zikafika darasa la nne. Bwana Kariuki akamwaga chaki zote mezani, akatuandikisha majina kwenye vikaratasi, akavitia ndani ya boksi tupu.

"Kila mtu achukue moja," akasema. "Ukipata jina la mwenzako, utamuuliza kwao hufanya nini Krismasi. Siku ya kufunga, watoto wakishaenda na ripoti zao, wewe ndiye utatufanyia hiyo Krismasi yake. Yako unaijua tayari."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuazimana Krismasi. Ilikuwa vichekesho. Mimi mara ya kwanza nilipata jina la Bwana Kariuki mwenyewe. Kumbe kwao chai haimiminwi mpaka nyanya aombe, na nyanya akiomba anapita boma kwa boma, mgonjwa kwa mgonjwa, hadi ng'ombe. Mimi nikaomba hivyo hivyo. Nilipofika "amina" chai ilikuwa na utando juu na Madam Mueni amelala. Bwana Kariuki alifuta machozi, akasema nimemwacha nje shangazi mmoja.

Mwaka uliofuata mtu alipata Krismasi ya Madam Mueni. Mama yake alikuwa muuguzi, na siku ya Krismasi alikuwa zamu miaka yote, kwa hivyo wao walisherehekea siku yoyote ambayo mama ametoka zamu, hata ikiwa tarehe thelathini. Asubuhi ya tarehe ishirini na tano watoto walivaa nguo za kawaida na kwenda kuwaimbia wagonjwa wodini, wakarudi nyumbani kula githeri ya jana, mahindi na maharagwe. Tuliposikia hivyo hakuna aliyecheka. Tuliimba, tukala githeri. Nilikuwa nimefanya kazi na Mueni miaka minne nikifikiri ni mtu wa mbuzi tu.

Mkitaka kuijaribu kwenu, jueni mambo mawili. Upepo wa kaskazini ya Kitui haukuachi upike chapati nje, basi pangeni mafiga nyuma ya ukuta na mkande unga kwa maji moto, la sivyo mtakula mbao. Na msimlazimishe mtu kusema ya kwao. Akisema hana, amesema.

Mimi sikufuata hilo la pili.

Mwalimu Wambua alikuwa kijana wa hesabu, mpole, kutoka vilima vya Kilungu, kule Makueni. Kila mwaka aliyepata jina lake aliambiwa, "Kwetu hakuna kitu special," naye Wambua angenunua soda kreti moja, iwe ndiyo Krismasi yake, watu wakaridhika. Shule ikifungwa yeye hakwenda popote. Alisema anabaki kulinda mahindi ya shule. Miaka mitano mfululizo! Mahindi yenyewe yalikuwa magunia mawili.

Mwaka wa sita kile kikaratasi kikaangukia mkononi mwangu. Nilimfuata siku tatu. Nilimuuliza kwenye foleni ya chai, nikamuuliza akiwa anasahihisha, nikamuuliza akiwa na mswaki mdomoni.

"Madam, nitanunua soda," akasema.

"Sitaki soda. Nataka Krismasi."

"Basi hakuna."

Sasa naibu ana kabati. Ndani ya kabati mna faili za walimu, na ndani ya kila faili mna fomu yenye jina la jamaa wa karibu na namba yake ya simu, ya kutumika mwalimu akiugua au akipata ajali. Wambua hakuwa mgonjwa. Nilijua nafanya makosa, maana nilifunga mlango kwanza. Nikapiga.

Akapokea mama yake. Nilijitambulisha, nikamtoa wasiwasi kwamba mwanawe ni mzima, kisha nikamuuliza, kwa Kikamba kizuri cha heshima, nikimwita mama, "Mwaitu, nyinyi hapo nyumbani Krismasi hupika nini?"

Halafu akaanza kueleza, na sauti yake ilikuwa inapanda kila neno. Kwao, siku ya kuamkia Krismasi, wote hutwanga muthokoi, mahindi ya kukobolewa. Wote, hata wanaume, hata aliyetoka Nairobi na viatu vyake. Michi mitatu ndani ya kinu kimoja, mmoja akiinua mwingine anashusha, na asiyetwanga hali. Baba yao, Mungu amrehemu, alikuwa ndiye anaanzisha. Nikaandika yote kwenye daftari langu la maandalio ya masomo, nimefurahi kama mtoto.

Kisha akaniuliza, "Sasa mtafika asubuhi au mchana?"

Nilielewa hapo hapo. Kwetu Ukambani, na nadhani kwenu pia, hakuna anayepiga simu kuuliza mtapika nini kama haji. Kuuliza chakula ni kubisha hodi. Mimi Mkamba mzima, mama wa watoto wanne, nilikuwa nimebisha hodi kwenye boma la watu kwa niaba ya mtu ambaye hajatia mguu pale miaka mitano.

"Mwambie asibebe kitu," mama akaendelea. "Aje tu. Mimi miguu imekataa lakini macho yanaona."

Nafasi ya kusema ukweli ilikuwepo. Ilikuwa ndefu ya kutosha. Nikasema, "Sawa, mwaitu."

Sikulala vizuri wiki ile, na mchana sikutulia pia. Nilipanga upya kabati la vitabu, nikahesabu madawati, nikamgombeza mtoto wa watu kwa kupiga chafya. Siku ya nne simu ikalia, namba nisiyoijua.

"Madam, mimi ni Kyalo. Kaka mkubwa wa Wambua." Sauti nzito, ya mtu asiyependa simu. "Ni kweli huyu mtu anakuja?"

"Kwani vipi?"

"Mama amenituma chokaa. Anataka nyumba ya Wambua ipakwe. Ile nyumba hata paka hailali. Jana nimempata ameketi hapo nje kwa stuli anaangalia barabara, na Krismasi iko mbali. Sasa mimi nakuuliza, kwa sababu huyu ni mama ya miaka sabini na kitu. Kama haji, niambie saa hii nimwambie pole pole. Usitufanyie mchezo, Madam."

"Hujaongea naye mwenyewe?"

"Mimi na Wambua hatuongei," akasema. "Hiyo wachana nayo."

Nikamwambia anakuja. Ndiyo, nilisema uongo wa pili, safari hii waziwazi kabisa.

Siku ya kufunga ikafika na bado sikuwa nimemwambia Wambua chochote. Nilifikiri, mimi mjanja, kwamba nikimwonyesha Krismasi yao yenyewe, moyo wake utayeyuka kabla hajauliza nimeipata wapi. Nikaazima kinu kwa mpishi wa shule na michi mitatu kutoka nyumba za karibu. Ripoti zikagawanywa, watoto wakatoka mbio, nasi tukakusanyika nyuma ya chumba cha walimu.

Muthokoi una adabu yake. Mahindi yawe makavu, yasiyotiwa dawa ya ghala. Unayanyunyizia maji, unayanyunyizia tu, huyaloweki, ganda lilegee nayo punje ibaki ngumu. Unatwanga kwa uzito wa mchi wenyewe, bila hasira, unapepeta kwa uteo, unarudia. Mimi kwa wasiwasi nilimwaga nusu debe la maji. Bwana Kariuki, na tai yake shingoni, akashika mchi wa kwanza, Mueni wa pili, mimi wa tatu, tukaanza kugongana. Punje zikapasuka zikawa uji. Mchi wa mwalimu mkuu ulipiga wangu, wangu ukapiga ukingo wa kinu, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Wambua alikuwa anakuja na kreti ya soda begani. Aliona ile michi mitatu akasimama. Akaweka kreti chini taratibu sana.

"Nani amekuambia?" akaniuliza.

Hakuna aliyecheka tena. Wambua aligeuka, akaenda kwenye tangi la maji nyuma ya darasa la nane. Nikamfuata, mikono imejaa unga wa maji.

Nikamwambia yote: faili, simu, mama, chokaa, Kyalo, stuli. Niliyasema haraka haraka nikitembea huku na huku, nami sikuwa namwangalia. Nilipomaliza alikuwa amekaa juu ya jiwe.

Vijana wangu, kuna jambo sijawaambia, na linanichoma hata sasa. Miaka mitano nyuma, babake Wambua alikufa wiki ya mtihani wa kitaifa. Mazishi yalikuwa Ijumaa. Jumanne Wambua alikuja ofisini kuomba ruhusa. Bwana Kariuki alikuwa mkutanoni, ruhusa ilikuwa yangu. Nilimpa pole, nikashika kalenda, nikamwambia asimamie mtihani hadi Alhamisi mchana kisha aende, Ijumaa asubuhi atakuwa kwao. Nilihesabu siku vizuri. Sikuhesabu mto. Alhamisi jioni mvua ilinyesha huko juu, mto wa mchanga, mkavu karibu mwaka mzima, ukajaa ukingo hadi ukingo, magari yakalala ng'ambo hii. Wambua alivuka Jumamosi. Alikuta udongo umekwisha kusawazishwa na watu wanakunywa chai.

"Unajua Kyalo aliniambia nini?" Wambua akaniuliza pale kwenye tangi. "Mbele ya watu wa kanisa. Aliniambia, 'Mwalimu, umekuja kusahihisha kaburi?'"

Wambua akatazama viatu vyake.

"Nikageuka na viatu hivyo hivyo vya matope. Sijarudi."

"Wambua, kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye nilikukataza."

"Najua."

"Ulijua miaka yote hii? Na unakunywa chai na mimi kila siku?"

"Madam, ungejuaje kuhusu mto? Sikukulaumu kwa hiyo." Akasimama, akapangusa suruali. "Lakini ona. Mara ya kwanza uliniambia nisiende. Saa hii unaniambia niende. Kwenda kwetu ni kwangu ama ni kwako?"

Nimesimamiwa na wakaguzi, nimefokewa na wazazi, mara moja nikafukuzwa na ng'ombe mbele ya darasa zima. Hakuna kilichowahi kunipunguza kama swali lile. Nilijibu, "Ni kwako," kwa sauti ndogo. Nikamwomba msamaha, kwa ile wiki ya mtihani na kwa ile simu. Akanipa mkono, kwa adabu, kama mtu unayeagana naye kituoni. Kama atakwenda au hatakwenda, hakusema. Nami, kwa mara ya kwanza tangu anijue, sikuuliza.

Nikarudi Kabati. Muli alidhani naumwa. Nilikuwa naanza jambo naliacha: nimekanda unga, nimeuacha, nimeenda sokoni kununua iliki, nimerudi na sabuni. Wanangu walikuja na wajukuu, nyumba ikajaa, na mimi nilikuwa nikiona uso wa mama mmoja nisiyemjua, ameketi nje ya nyumba yenye chokaa mpya. Nilijaribu kumpigia Kyalo mara mbili nimwambie ukweli, amuandae mama. Mara ya kwanza simu haikupatikana. Mara ya pili niliikata mwenyewe kabla haijalia, kwani je, kama Wambua yuko njiani? Nikisema haji, nitakuwa nimemwamulia tena.

"Keti, Kalekye," Muli akaniambia. "Hicho kiti hakiumi."

"Nikikaa chapati zitaungua."

"Zimeshaungua."

Ilikuwa siku ya kuamkia Krismasi, kama saa kumi za jioni, jua bado kali. Nilikuwa nimeshika chapati ya saba kwa vidole wakati simu ililia kwenye mfuko wa aproni. Kyalo. Nikatoka nje, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikapokea.

"Madam." Alikuwa anahema. "Kuna mtu anapanda hapa chini kwa mteremko. Bado yuko mbali. Anatembea kama yeye."

"Ana koti la kahawia?"

"Ana koti. Ana begi kubwa. Aiya, ni yeye. Madam, ni yeye." Nilimsikia akishusha sauti. "Mama amelala kidogo ndani, hajui. Niko peke yangu hapa kwa geti. Sasa nimwambie nini?"

Mtu mzima, baba wa familia, mzee wa kanisa kwa sauti yake, ananiuliza mimi kama mtoto aliyesahau shairi jukwaani.

"Kyalo..."

"Yale maneno niliongea siku ya mzee, nimeyabeba miaka mitano. Nimepanga kuomba msamaha hata kwa shamba nikilima naongea peke yangu. Saa hii yote yamepotea. Anakuja, Madam! Amefika kwa mti wa pili. Niambie haraka, nianze na nini?"

Nami nilikuwa nayo maneno, mnanijua. Miaka thelathini na kitu nimewapa watu maneno: ya kuanzia insha, ya kumalizia hotuba, ya kumwambia mzazi ambaye mtoto wake ameanguka. Yalinijia mengi, mazuri, na yote yalikuwa yangu. Nikauma mdomo. Niliwaza mtu aliyetoka mbali, amepanda kilima juani na begi, na ni kitu gani cha kwanza anachohitaji.

"Usimwambie kitu," nikasema. "Nenda umpokee mzigo."

Nadhani alisahau kukata simu, kwa kuwa nilisikia geti likilia, kisha nyayo zake kwenye changarawe, haraka, halafu pole pole, halafu zikasimama. Mbwa alibweka mara moja akanyamaza. Nilibana simu sikioni hadi ikaniuma. Nilisikia watu wawili wakihema, na mimi huku Kabati nilikuwa nimesimama kimya, siendi popote.

Kisha sauti ya Wambua: "Wacha tu. Ni nzito hiyo."

Na kaka yake akasema, "Lete."